Tajiri anataka karatasi ya hospitali kuhusu pombe yangu. Nikae siku tatu bila kunywa kwanza?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni dereva, nina miaka 37, nakaa Isevya hapa Tabora mjini na mke na watoto watatu. Naendesha lori la mtu. Msimu wa tumbaku tunabeba marobota kutoka Urambo na Kaliua kwenda Morogoro. Msimu ukiisha tunabeba chochote kinachopatikana: mahindi, saruji, hata asali.

Tatizo langu ni pombe, nakiri. Zamani ilikuwa bia, siku hizi gongo kwa sababu ya bei. Naanza jioni nikishapaki gari. Asubuhi nazimua kidogo ili mikono itulie, maana bila hivyo hata kufunga kifungo cha shati ni kazi. Safari ikiwa ndefu natafuna mirungi nisisinzie. Majuzi nikirudisha gari nyuma niligonga nguzo ya godauni. Hakuna aliyeumia, ila utingo alimweleza tajiri kila kitu. Tajiri hakunifukuza. Alichukua funguo akasema, "Nenda hospitali ya mkoa wakakupime hiyo pombe yako kitaalamu, uniletee karatasi. Bila karatasi hushiki usukani wangu."

Sasa nina hofu. Kijiweni wengine wanasema nitafungiwa wodi ya vichaa, wengine wanasema nitasafirishwa hospitali ya Mirembe. Jamaa mmoja aliyewahi kupimwa kazini kwao ameniambia dawa ni rahisi: nikae siku tatu bila tone, ninywe maji na maziwa kwa wingi, mkojo utatoka safi, na kwenye maswali niseme nakunywa bia mbili Jumamosi tu. Nimeshapanga: naacha Ijumaa, Jumatatu naenda.

Naomba unieleze huko ndani wanafanya nini. Wanatoa damu? Lazima mke wangu aje? Tajiri ataambiwa yote, hata gongo na mirungi? Na polisi je?

Nataka ujue pia kwamba kuacha naweza. Ramadhani iliyopita niliacha kabisa. Siku ya kwanza nilitetemeka na kutoka jasho. Siku ya pili wakati wa kufuturu kikombe cha uji kilinimwagikia mbele ya baba mkwe, halafu nikaanguka. Wanasema nilikakamaa nikatoa povu. Mama mkwe akasema ni majini, tukaenda kwa sheikh akanisomea. Baada ya hapo niliogopa, nikarudia pombe, hali ikatulia.

Dereva, Isevya

Shangazi anajibu

Marahaba baba. Pole na hongera kwa wakati mmoja, maana wapo wanaogonga nguzo na wapo wanaogonga watoto.

Naanzia mwisho wa barua yako, pale ulipoandika kama jambo dogo la kupita. Usiache pombe Ijumaa. Najua ni ajabu kumsikia shangazi akisema hivyo, na mkeo akisoma atataka kunipigia simu anigombeze. Lakini nilikuwa muuguzi kabla sijawa shangazi wa watu, na kilichokupata Ramadhani nimekiona wodini kwa macho yangu.

Mwili uliozoea kilevi kila siku hujipanga upya ili uweze kuishi nacho. Pombe hupoza ubongo, nao ubongo kwa kujitetea hukaa umewashwa muda wote. Ukiondoa pombe ghafla, kile kilichokuwa kinaupoza hakipo tena, ubongo unabaki umewaka peke yake. Ndiyo mitetemeko, jasho, moyo kwenda mbio, kukosa usingizi. Kwa kawaida huanza ndani ya saa 6 hadi 24 tangu tone la mwisho. Kwa baadhi ya watu, hasa ndani ya siku mbili za kwanza, huja degedege: mtu anakakamaa, anaanguka, povu linatoka. Wengine kuanzia siku ya pili au ya tatu huchanganyikiwa, wakaona wadudu ukutani, wakasikia sauti, homa ikapanda. Hali hiyo ya mwisho huua mtu asipotibiwa.

Soma tena ulichoniandikia: siku ya kwanza kutetemeka na jasho, siku ya pili jioni kuanguka na kukakamaa, ukarudia pombe hali ikatulia. Sijakupima na sitajifanya nimekupima kwa barua. Kifafa, malaria kali, hata sukari kushuka kwa mtu aliyefunga huweza kumwangusha mtu vilevile, na kazi ya daktari ni kutenganisha hayo. Lakini ukimsimulia daktari yeyote maneno hayo, jambo la kwanza atakalolifikiria ni degedege la kukatisha pombe ghafla. Na aliyewahi kuanguka hivyo mara moja ana hatari kubwa zaidi ya kuanguka tena akirudia kuacha kwa mtindo uleule. Sheikh amekusomea, alhamdulillahi, kisomo hakikatazi hospitali. Mama mkwe usibishane naye. Wewe kamweleze daktari.

Kwa hiyo ushauri wa jamaa yako wa kijiweni, kwa mtu mwingine ungekuwa upuuzi tu. Kwako wewe unaweza kukuua Jumapili usiku, siku moja kabla ya miadi.

Na huo upuuzi wenyewe nao tuuseme. Hicho unachoitiwa hakihusu mkojo. Kilevi chenyewe hutoka mwilini upesi, kwa hiyo daktari hakitegemei kukujua. Anachotafuta ni alama zake. Pombe nyingi ya muda mrefu hupandisha vimeng'enya vya ini kwenye damu, na hivyo huchukua wiki kadhaa kushuka hata ukiacha. Chembe nyekundu za damu hukua kuliko kawaida, na chembe moja huishi siku kama 120, hivyo hiyo picha haibadiliki kwa wikiendi moja. Maziwa ni mazuri kwa watoto wako, wape. Hayaoshi ini wala damu. 

Sasa nikupeleke ndani, hatua kwa hatua, kama ninavyozijua.

Hospitali yenu ya rufaa ya mkoa ni Kitete. Fika asubuhi na kadi ya bima kama unayo. Kama huna, uliza gharama dirishani kabla hujaanza chochote ili usikwame katikati. Sema unataka kuonwa afya ya akili kwa tathmini ya matumizi ya pombe. Nakuona umekunja uso kwa neno "akili". Pombe hutibiwa na watu wa afya ya akili kama vile meno yanavyotibiwa na watu wa meno, basi. Anayekuona anaweza kuwa daktari, afisa tabibu, muuguzi wa afya ya akili au mwanasaikolojia, na mara nyingine afisa ustawi wa jamii anaingia pia. Mwenye koti refu zaidi si lazima awe ndiye atakayekusaidia zaidi.

Watakupima presha, mapigo ya moyo, joto na uzito. Kisha mtakaa. Hicho kikao ndicho tathmini yenyewe, na kinaweza kuchukua saa nzima au zaidi, pengine kikagawanywa siku mbili. Utaulizwa ulianza lini, unakunywa nini, kiasi gani, saa ngapi, na nani, mara ya mwisho ilikuwa lini. Ukisema "kidogo" atakuuliza kidogo ndiyo kiasi gani. Ukisema "glasi" atakuuliza glasi ipi, pengine akuonyeshe chupa ya maji umwonyeshe kwa kidole inafika wapi. Asikuudhi. Anabadilisha vinywaji vyote viwe kipimo kimoja: bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi halisi. Gongo haina lebo, kwa hiyo anakisia, na akikisia kwa uongo wako atakisia vibaya. Hesabu hiyo ndiyo inayomwambia kama unaweza kuacha ukiwa nyumbani au ulazwe, na dawa ya kukutuliza ianze kwa kiasi gani. Ukimwambia bia mbili za Jumamosi, atakuaga vizuri urudi nyumbani uache mwenyewe. Unajua kitakachofuata.

Huenda akatoa fomu. Inayotumika sana duniani inaitwa AUDIT, imetengenezwa na Shirika la Afya Duniani, ina maswali 10 na alama kuanzia 0 hadi 40. Alama 8 na kuendelea huashiria unywaji wenye madhara, 20 na kuendelea huashiria huenda mwili umeshakuwa mtegemezi. Swali moja linauliza kama umewahi kuhitaji kinywaji asubuhi ili uweze kuianza siku baada ya kunywa sana. Hapo ndipo kuzimua kwako kunapoulizwa. Jingine linauliza kama ndugu, rafiki au daktari amewahi kuingiwa na wasiwasi juu ya unywaji wako. Huna haja ya kutafuta jibu zuri, hakuna alama ya kufaulu pale.

Maswali mengine yatakushangaza kwa kuonekana hayahusiani. Usingizi. Mapenzi na mkeo. Madeni. Kama baba yako alikuwa mnywaji. Ajali. Kesi. Kama umewahi kuwaza kujiua. Hili la mwisho huulizwa kila mtu, siyo kwamba wameona kitu usoni kwako, na kama jibu ni ndiyo, liseme. Vitu vingine unavyotumia pia: sigara, ugoro, vidonge vya usingizi vya duka la dawa, na hiyo mirungi. Vidonge vya usingizi usivisahau kabisa kama unavinywa, maana vikichanganywa na pombe vinaweza kusimamisha pumzi, na vyenyewe navyo havikatishwi ghafla.

Kisha mwili. Atakwambia nyoosha mikono mbele, tanua vidole, na ataiangalia tu kwa muda. Ataangalia macho kama yana umanjano, atabonyeza tumbo upande wa kulia chini ya mbavu kutafuta ini, ataangalia unavyotembea, atakuuliza leo ni tarehe ngapi na pengine akuambie uhesabu kurudi nyuma. Damu watatoa, ndiyo: wingi wa damu, ini, sukari, na huenda homa ya ini. Kipimo cha VVU wanaweza kukushauri, na wataomba ridhaa yako. Kwa kuwa umeshaanguka mara moja, uliza wewe mwenyewe kama kuna haja ya kipimo zaidi cha kichwa.

Wengi hudhani wakishatoa damu kazi imekwisha, wanaondoka. Usiondoke. Kuna kikao cha majibu, na hicho ndicho ulichokifuata. Daktari anakwambia ameona nini, tatizo liko kiwango gani, na njia ni zipi. Kwa mwingine ni ushauri wa dakika chache na kurudi baada ya mwezi. Kwa mwingine ni kliniki ya kila wiki pamoja na ushauri nasaha. Kwa mtu mwenye historia kama yako, nisishangae wakikulaza siku kadhaa, wakupe dawa ya kutuliza ubongo inayopunguzwa kidogo kidogo pamoja na vitamini B1, ambayo wanywaji wa muda mrefu huishiwa nayo na ubongo ukaumia. Hiyo ndiyo njia salama ya kuacha. Kisha ndipo inakuja kazi ndefu ya kutorudia, na huko ndiko kwenye ushauri nasaha, vikundi, na kwa baadhi nyumba za soba, yaani makazi ya watu wanaoacha vilevi. Wodi ya kufungiwa uliyotishiwa, na Mirembe ile ya Dodoma, mtu hupelekwa kwa rufaa akiwa na sababu. Hupelekwi huko kwa kuwa umejibu maswali kwa ukweli.

Mkeo. Si lazima aje, ila nakuomba mchukue. Yeye ndiye aliyekuona ukianguka. Wewe hukujiona. Daktari atataka kujua degedege lilidumu dakika ngapi, lilianzia upande gani, uliuma ulimi, ulijikojolea, ulizinduka baada ya muda gani. Maswali hayo hakuna anayeweza kuyajibu isipokuwa aliyekuwepo. Kama kuna mambo hutaki ayasikie, omba uonwe peke yako kwanza, naye aitwe baadaye kwa ruhusa yako. (Wake wanaosoma hapa, nawaona. Zile dawa za "kuachisha pombe" za kuwekewa mume kwenye mchuzi bila yeye kujua, achaneni nazo. Zipo dawa halali ambazo mtu akinywa pombe juu yake presha huanguka na moyo kuyumba, ndiyo maana hupewa mtu anayejua na aliyekubali. Na hizo za kuuziwa sokoni hujui hata ni nini.)

Tajiri na siri. Maelezo ya afya yako ni siri kati yako na anayekutibu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Barua kwa tajiri hutolewa kwa ridhaa yako. Kabla hujasaini, uliza nini kitaandikwa. Kinachomhusu ni kifupi: umefika, umefanyiwa tathmini, unafaa au hufai kuendesha kwa sasa, umeshauriwa matibabu na unahudhuria. Gongo, mirungi, baba mkwe na uji, hayo yanabaki kwenye faili. Mipaka ipo: mahakama ikiamuru, au ikionekana maisha ya mtu yako hatarini. Polisi hawaitwi kwa sababu mgonjwa amesema anakunywa gongo. Daktari anataka kujua ni gongo kwa sababu nyingine kabisa, kwamba inaweza kuwa na kilevi cha sumu kinachopofusha macho. Kama umewahi kuona ukungu machoni baada ya kunywa, mwambie.

Sasa jambo usilolipenda. Huenda karatasi ikasema usiendeshe kwa muda. Mtu aliyeanguka degedege na anayehitaji kuzimua asubuhi, hakuna daktari mwaminifu atakayemrudisha kwenye lori la tani thelathini kesho yake. Usimnunie, wala usitafute mwingine wa kukugongea muhuri. Hata bila degedege, fanya hesabu mwenyewe: mwili huondoa kilevi cha bia moja kwa saa mbili hadi tatu, na haufanyi haraka zaidi kwa supu wala kahawa wala kuoga maji ya baridi. Ukimaliza gongo saa sita usiku ukawasha gari saa kumi na mbili asubuhi, unaondoka Tabora ukiwa bado umelewa, hata kama unajiona mzima. Nguzo ya godauni ilisimama. Watu wa Nzega wanaovuka barabara hawasimami.

Tupange wiki yako. Usingoje Jumatatu, nenda kesho. Mpaka utakapoonwa usikatishe ghafla, usiongeze, usishike gari la mtu yeyote, na kula hata kama huna hamu. Usinywe ya ziada ili upate ujasiri wa kwenda. Ukifika umelewa watakurudisha ukapumzike, na siku imepotea. Ukianza kutetemeka sana, ukaona vitu visivyokuwepo au ukaanguka, huo si wakati wa kliniki wala foleni: mkeo akupeleke idara ya dharura, iwe mchana au usiku, na neno la kwanza atakalosema mlangoni liwe "anakunywa kila siku na ameacha". Ukikakamaa akulaze ubavu, aondoe vitu vya kukuumiza, asikutie kijiko mdomoni.

Andika kwenye kikaratasi kabla ya kutoka nyumbani: unachokunywa tangu asubuhi hadi usiku kwa siku ya kawaida, kiasi, dawa zozote, na yaliyotokea Ramadhani. Mbele ya daktari mtu husahau, au hupunguza bila kukusudia.

Na tajiri usimkimbie. Mpigie leo umwambie unaenda kesho. Daktari akisema ukae nje ya usukani, muombe aandike ni mpaka lini na tarehe ya kurudi kuonwa. Tajiri amebaki na lori limesimama na mzigo wa watu. Anachohitaji kwako ni tarehe ya kupangia, na pengine ndani ya hizo wiki akupe kazi ya kusimamia upakiaji godauni.